Kwa Nini Kijana Huyu Lazima Afe?

Mwaka 1952, Mmarekani aliyekuwa akisubiri basi kituoni angeweza kununua kwa senti chache riwaya iitwayo Spring Fire, kisa cha wasichana wawili wa chuo waliopendana. Jina lililokuwa jaladani, Vin Packer, lilikuwa la kubuni. Mwandishi mwenyewe aliitwa Marijane Meaker, na alikuwa na miaka 25 hivi. Mhariri wake alikuwa amemwekea sharti: wapenzi hao wasifike ukurasa wa mwisho wakiwa na furaha. Sharti hilo halikuhusu sanaa hata kidogo. Vitabu vya namna hiyo vilipita posta, na wakaguzi wa posta wangeweza kuvizuia endapo vingeonekana kuyasifu mapenzi ya jinsia moja. Meaker akatii. Msichana mmoja akaishia hospitali ya wagonjwa wa akili, na mwenzake akajiridhisha kwamba hakuwahi kumpenda. Kitabu kiliuzwa zaidi ya nakala milioni moja, na barua zikammiminikia mwandishi kutoka kwa wanawake waliojiona humo ndani. Walikuwa wamesoma kurasa zote kwa kiu, kisha wakafika mwisho na kuambiwa kwamba watu wa aina yao huishia wodini.

Naanza na sharti la mhariri huyo kwa sababu linaonyesha mahali ambapo chuki hujificha katika hadithi. Tumezoea kuitafuta vinywani mwa wahusika wabaya: mwanafunzi mchokozi anayetukana, mwalimu anayedhalilisha, jirani mmbeya. Hao huonekana mara moja, na msomaji hahitaji kuambiwa awachukulieje. Chuki iliyo nzito zaidi haina sauti. Imo katika uamuzi wa mwandishi juu ya nani aadhibiwe na nani aachwe, na imo katika namna anavyomchora mzazi siku siri ya mtoto inapofichuka. Katika riwaya za vijana, zile wanazoandikiwa wasomaji wa kati ya miaka 12 na 18, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa msomaji bado analala chini ya paa la wale ambao hadithi inawazungumzia. Mtu mzima akisoma kisa cha mzazi aliyemkana mwanawe, anasoma habari za watu. Kijana wa miaka 15 anayejijua moyoni kwamba anavutiwa na jinsia yake anasoma utabiri wa kwao. Kwa hiyo nashika msimamo huu: riwaya za aina hii tuzipime kwanza kwa mzazi aliyemo ndani yake, anachofanya kwa mikono na kwa ulimi wake, saa ile ile na siku zinazofuata.

Riwaya inayotajwa kuwa ya kwanza ya vijana nchini Marekani kuligusa suala hili waziwazi ni I'll Get There. It Better Be Worth the Trip ya John Donovan, iliyotolewa na Harper & Row mwaka 1969. Davy, mvulana wa miaka 13, amelelewa na bibi yake. Bibi anafariki, naye anahamia New York kwa mama mlevi asiyemjua vizuri, akiwa na mbwa wake Fred, ambaye ndiye faraja yake kubwa. Shuleni anapata rafiki, Altschuler, na siku moja wanabusiana. Mama anaposhuku anapandwa na jazba na kumwita baba wa mtoto, ambaye waliachana zamani. Wakati baba na mwana wanazungumza, mama anamtoa Fred nje, na mbwa anagongwa na gari. Davy anaamini kwamba Fred amekufa kwa sababu ya kile alichokifanya na rafiki yake. Donovan hakuwa adui wa kijana huyu. Anamwonea huruma kila ukurasa, na baba anaongea na mwanawe kwa utulivu ambao wazazi wengi wa enzi ile wasingeuweza. Hata hivyo tukio lenyewe lilikuwa limeshatoa hukumu, na waliomfuata wakaigeuza hukumu hiyo kuwa desturi. Katika The Man Without a Face ya Isabelle Holland, mwaka 1972, mwanamume ambaye mvulana alimtegemea kama mwalimu na mlezi anafariki. Katika Trying Hard to Hear You ya Sandra Scoppettone, mwaka 1974, mmoja wa wavulana wawili wanaopendana anataka kuwathibitishia wenzake kwamba naye ni mwanamume kama wao. Anatoka na msichana, wanakunywa, gari linapata ajali na wote wawili wanakufa. Michael Cart na Christine Jenkins, waliochambua karibu riwaya 200 za kundi hili zilizotoka kati ya mwaka 1969 na 2004, walionyesha jinsi ajali na vifo vilivyozitawala zile za mwanzo.

Ajali za gari hutokea, na hakuna ubaya wowote kwa mwandishi kuandika kifo. Kinachonisumbua ni kile ambacho vifo hivi vinamfanyia mzazi. Mzazi wa riwaya hizo hapewi kazi yoyote zaidi ya kushtuka. Anagundua, analia au anafoka, kisha msiba unakuja na kumwondolea mzigo wa kuamua. Hatumwoni Jumatatu inayofuata akimpa mtoto nauli ya shule. Hatumsikii akijibu maswali ya ndugu. Hofu yake ya mwanzo inathibitishwa na matukio, naye anaachwa akiwa sahihi, ilhali hakuna aliyemuuliza kama angeweza kujifunza jambo. Hadithi kama hiyo inamdhulumu kijana, na inamdhulumu mzazi pia.

Nancy Garden aliuvunja utaratibu huo mwaka 1982 kwa Annie on My Mind. Liza na Annie, wanafunzi wa sekondari jijini New York, wanakutana katika jumba la makumbusho la Metropolitan, wanapendana, hatimaye wanafichuka. Adhabu ipo, tena kali: walimu wawili wa kike wanaoishi pamoja wanafukuzwa kazi, na Liza anahojiwa mbele ya wakubwa wa shule. Nyumbani anawadanganya wazazi wake kwa hofu ya kupoteza imani yao. Lakini hakuna anayekufa, na mwishoni Liza anainua simu na kumpigia Annie. Naamini simu hiyo iliwaudhi wapinzani wa kitabu kuliko busu lolote lililotangulia. Mwaka 1993, nakala zilipotolewa zawadi kwa shule za eneo la Kansas City, kitabu kilichomwa moto hadharani, na shule za Olathe, jimboni Kansas, zikakiondoa katika maktaba zao. Wanafunzi pamoja na wazazi wao walikwenda mahakamani. Mwaka 1995 jaji wa mahakama ya shirikisho, Thomas Van Bebber, aliamua kwamba kukiondoa kulivunja katiba, kwa kuwa viongozi wa shule walifanya hivyo kwa kutopendezwa na mawazo yaliyomo. Katika mabishano ya vitabu hivi husahaulika kwamba miongoni mwa waliokitetea walikuwamo akina mama na akina baba.

Meaker mwenyewe aliirudia mada hii kwa namna inayonigusa. Kufikia wakati huo alikuwa anawaandikia vijana kwa jina la M. E. Kerr, na mwaka 1994 alitoa Deliver Us from Evie. Familia ni ya wakulima wa Missouri. Evie, binti yao, ni fundi wa mashine za shamba, na anampenda Patsy, binti wa tajiri anayemdai baba wa Evie deni la shamba. Msimulizi ni mdogo wake wa kiume, Parr, anayempenda dada yake na bado anashiriki kumwanika mbele ya mji mzima. Mama anahangaika kumvalisha Evie nguo za kike, akidhani anamsaidia. Mwandishi aliyelazimishwa mwaka 1952 kumfungia msichana hospitalini safari hii anamwacha Evie aende New York akiwa hai na mwenye akili timamu, na familia inabaki na kazi ya kuamua itaendeleaje kuwa familia. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikikwepwa kwa ajali za gari.

Je, kuna ushahidi wowote kwamba kazi hiyo ina maana nje ya kurasa? Upo. Mwaka 2009 Caitlin Ryan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Francisco walichapisha katika jarida la Pediatrics utafiti wa vijana 224, Wazungu na Walatino wa miaka 21 hadi 25, wanaovutiwa na jinsia yao au na jinsia zote mbili. Waliwauliza familia zao ziliwatendea nini walipokuwa katika umri wa balehe. Waliokataliwa sana na familia walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kusema wamewahi kujaribu kujiua kuliko waliokataliwa kidogo au ambao hawakukataliwa, na mara 5.9 zaidi wa kuwa na sonona kali. Takwimu hizo zinatisha, lakini kwangu jambo kubwa zaidi ni jinsi zilivyopatikana. Ryan hakupima imani za wazazi wala misimamo yao ya kisiasa. Alihesabu vitendo: kumpiga mtoto au kumtukana kwa sababu ya alivyo, kumtenga na shughuli za ukoo, kumzuia kuonana na marafiki wa aina yake, kumwambia kwamba ameiaibisha familia, kumlazimisha kunyamaza. Upande wa pili, katika kazi yake nyingine, viliwekwa vitendo vya kumlinda: kuzungumza naye bila kumfokea, kumkaribisha rafiki yake nyumbani, kumkemea ndugu anayemkejeli. Kazi hiyo ya Ryan ilionyesha pia kwamba wazazi wengi waliofanya vile vya kundi la kwanza walidhani wanamwokoa mtoto. Walifanya kwa mapenzi, na mtoto akapokea chuki.

Ni kweli kwamba huo ni utafiti wa watu wachache, wa sehemu moja ya dunia, unaotegemea kumbukumbu za wahojiwa, na kwamba mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limelizaa lingine. Kijana aliyezama katika huzuni huenda akayakumbuka maneno makali zaidi kuliko ya upole. Nakubali yote hayo. Ila tofauti ya mara nane si ya kupuuzwa, na hata kama theluthi mbili yake ingefutwa, hakuna mzazi mwenye akili ambaye angeicheza bahati nasibu hiyo kwa mtoto wake. Na kwa mwandishi wa riwaya utafiti huo una zawadi isiyotarajiwa. Kama kinachoumiza na kinachoponya ni vitendo vidogo vya kila siku, basi hapo ndipo riwaya inapoweza kumfikia mzazi kuliko mahubiri au semina, kwa sababu riwaya imeumbwa kwa vitendo vidogo vya kila siku.

Mfano bora ninaoujua ni Aristotle and Dante Discover the Secrets of the Universe ya Benjamin Alire Sáenz, iliyotoka mwaka 2012. Sáenz aliwahi kuwa padri wa Kikatoliki, na anaandika juu ya watu wa kwao, Wamarekani wenye asili ya Meksiko katika mji wa mpakani wa El Paso. Ni mwaka 1987. Ari ana miaka 15. Baba yake alirudi kutoka vita vya Vietnam akiwa bubu wa moyo, mtu wa kukaa kimya chumba kizima kikanyamaza naye. Kaka yake mkubwa yuko gerezani na ndani ya nyumba hatajwi, picha zake zimeondolewa. Familia hii, kwa maneno mengine, tayari inajua kumfuta mtoto. Kisha anafariki shangazi, Ophelia, na Ari anashangaa kuona ndugu wengi hawakuja mazishini. Anaambiwa sababu: shangazi aliishi miaka mingi na mwanamke mwenzake. Ndipo msomaji anapoelewa kwamba wazazi hawa wanajua gharama ya kumtenga mtu, kwa kuwa wameiona makaburini. Dante, rafiki wa Ari, anapigwa vibaya na wavulana waliomwona akimbusu mwenzake, na Ari anaenda kumtafuta mmoja wao na kumvunja pua. Wazazi wanamketisha chini. Baba yule asiyesema ndiye anayesema, na anachosema ni kile ambacho mtoto anakikimbia: kwamba anampenda Dante, na kwamba hana haja ya kuona aibu.

Tazama ufundi wa mpangilio huo. Kukubali kwa wazazi hakukushuka kutoka mbinguni katika sura ya mwisho ili msomaji afurahi. Kumejengwa na kimya cha baba, na picha zilizoondolewa ukutani, na mazishi ya shangazi, hata baba anapofungua kinywa tunajua ametoka umbali gani. Naye hasemi kwamba amebadili dini, hatoi hotuba juu ya haki. Anamwambia mwanawe anachokiona, kisha wanabaki wote mezani. Zawadi ilizopata riwaya hiyo ni nyingi, lakini nadhani sifa yake kubwa ni kwamba mzazi yeyote, hata asiyekubaliana na lolote humo, akimaliza kuisoma atakuwa ameona jinsi jambo hilo linavyofanywa.

Kuna watakaosema huo ni ulimwengu wa vitabu, kwamba kwa kweli wazazi hufukuza watoto, na mwandishi anayeficha hilo anadanganya. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu riwaya tamu kupita kiasi inaweza kumtuma kijana akajifichue kwa watu ambao hawako tayari, kisha akajikuta barabarani. Julie Anne Peters aliandika Keeping You a Secret mwaka 2003, ambamo mama anamfukuza binti yake nyumbani, na kitabu hicho ni cha lazima. Ila kuonyesha mlango ukifungwa si sawa na kudai kwamba mlango huo hufungwa kwa sheria ya maumbile. Peters anamwacha binti yule akiishi, akitafuta pa kulala, akisonga mbele. Kosa la mama linabaki kuwa kosa la mama. Hata David Levithan, ambaye katika Boy Meets Boy, pia ya mwaka 2003, alibuni mji usiomsumbua kijana yeyote kwa ajili ya anayempenda, alihakikisha yumo Tony, mtoto wa wazazi washika dini wanaomwombea na kumbana, na ambaye hataki kuwakimbia kwa sababu anajua kwamba wanampenda. Kati ya wahusika wote wa kitabu kile chepesi, Tony ndiye anayebaki kichwani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa wazazi wengi: kwamba vitabu hivi humpandikizia mtoto kitu ambacho hakuwa nacho. Basi na tuulize, wanawake waliomwandikia Meaker mwaka 1952 walipandikizwa na nani? Hapakuwa na riwaya za vijana za aina hii hata moja. Filamu, nyimbo na hadithi zote walizolelewa nazo ziliwaimbia mvulana na msichana, na hazikuwabadilisha. Haki ya mzazi kuchagua anachosoma mwanawe wa miaka 12 naiheshimu, na kesi ya Olathe haikuigusa. Ilihusu viongozi walioamua kwa niaba ya watoto wa wenzao. Na mzazi anayeogopa kitabu aikumbuke orodha ya Ryan: hakuna mahali kitabu kilipohesabiwa miongoni mwa yaliyowadhuru wale vijana. Waliodhuru walikuwa watu wa nyumbani.

La tatu ni kwamba haya ni ya Wamarekani, hayatuhusu. Lakini hadithi iliyoipa Uganda ushindi wake wa kwanza wa Tuzo ya Caine, mwaka 2007, ni Jambula Tree ya Monica Arac de Nyeko: wasichana wawili wa mtaa mmoja wa Kampala, jirani mwenye ulimi mrefu, na mmoja wao kupelekwa London ili mambo yapoe. Kutoka humo Wanuri Kahiu alitengeneza filamu ya Rafiki, ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa rasmi katika tamasha la Cannes, mwaka 2018. Akaipeleka katika makazi ya Nairobi, akamfanya baba wa Kena, mmoja wa wasichana hao, kuwa mwenye duka na mgombea wa kiti cha mtaa, mtu ambaye kura zake zinaponyauka kwa sababu ya binti yake hakubali kumtupia lawama. Mama yake Kena anachukua njia nyingine. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku, kisha Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba mwezi Septemba. Kahiu ameeleza kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Miaka 66 baada ya wakaguzi wa posta wa Marekani, sharti ni lile lile. Wasichana wapendane wakitaka, mradi wajute. Kama kungekuwa na haja ya uthibitisho kwamba chuki inajua mahali pake katika hadithi, ni huo.

Sheria za ukanda wetu ni kali, na ya Uganda ya mwaka 2023 imefika hadi adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Mwandishi wa hapa hawezi kuzisahau, wala mzazi. Ila sheria haimlazimishi mama kumtoa mtoto kwenye sinia la chakula. Wazee wetu walisema mtoto akinyea kiganja hakikatwi, na waliyasema hayo wakiwa watu wa dini na wa mila. Yule anayeona kwamba mwanawe amekosea naye yumo katika usemi huo, tena anahusika kuliko yeyote.

Huyo ndiye mzazi ninayemkosa katika riwaya hizi, za kwao na za kwetu: mwenye imani asiyoibadilisha, na mtoto asiyemwacha. Si wa kubuni. Mwaka 2012 Ryan na mwenzake Robert Rees walitoa kijitabu kwa ajili ya familia za Wamormoni, wakijua kwamba wazazi wale hawataacha mafundisho yao, wakawaonyesha ni vitendo gani wanaweza kuviacha kesho asubuhi bila kugusa msahafu wao. Mwandishi atakayemwandika mzazi wa namna hiyo ana mtihani mgumu. Asimfanye malaika kufikia sura ya mwisho, na asimfanye zimwi. Amwache aswali, akose usingizi, akasirike, aseme neno baya Jumanne na kulifuta Alhamisi. Pa kuanzia ni pale pale Ryan alipoanzia kuhesabu: kuna harusi ya binamu, ndugu wote wanakuja, na mama huyu lazima aamue kama mwanawe yumo katika orodha ya waalikwa, na atamjibu nini shangazi wa kwanza atakayeuliza.